Jeshi Ndani ya Kopo la Thina

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025 ndiyo iliyowaharibia. Asubuhi hiyo Xavery, fundi rangi wa Katesh, alichukua jeshi zima la sanamu ndogo za plastiki, wachawi, mazimwi yenye pembe na askari wa mifupa, akalitumbukiza kwenye kopo la thina.

Jeshi hilo ndilo lililomkutanisha na Oliva. Ilikuwa mnadani, mwanzoni mwa mwaka, kwenye rundo la midoli ya mtumba. Mikono miwili ilishika mfuko mmoja. Xavery akainua macho: gauni la kitenge cha njano, sweta jeupe la unesi, harufu ya sabuni.

"Uachie, fundi. Utawafanyia nini hawa?"

"Na wewe sista, una watoto?"

"Sina. Huu mchezo ni wa watu wazima. Kila mtu na jeshi lake mezani, unapima hatua kwa rula, unarusha dadu, mnapigana. Nilifundishwa chuoni Moshi."

"Sasa mbona wamepakwa kama wametapikiwa?"

Oliva akacheka mpaka muuzaji naye akacheka. "Basi wapake wewe, tuone!"

Wakawa wanapaka pamoja kibandani kwa Xavery kila jioni, yeye kwa brashi aliyoipunguza nywele, Oliva kwa rangi za kucha. Zimwi moja alilipaka midomo myekundu.

"Hili linakuzidi uzuri, mpenzi," Xavery akamtania.

Halafu Oliva akasema kikaoni kwamba kituo chao cha afya hakina glavu. Wakubwa wetu hawakupigi, wanakuhamisha. Akapangiwa Kigoma. Ijumaa jioni wakagombana.

"Si ungenyamaza tu!" Xavery alifoka.

"Kumbe na wewe ni mwenzao." Akaondoka.

Xavery akaamua kumwomba radhi kwa kazi ya mikono yake: awavue askari ile rangi nzito ya zamani, wapakwe upya wote. Mageti na matangi ya pikipiki huyavua rangi kwa thina, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba plastiki haiistahimili. Oliva alipopita mchana alikuta uji wa kijivu, panga zimepinda, vichwa vimegandana.

"Umenikomoa, Xavery."

"Oliva, subiri kwanza..."

Hakusubiri. Akaenda Kigoma, na simu hakupokea.

Mchawi mmoja alikuwa amebaki kwenye pochi ya Oliva. Siku moja alimfuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, uso wote ukayeyukia kidoleni. Akapiga simu palepale.

"Fundi. Kumbe hukunikomoa."

"Nilitaka tuwapake upya, mama."

"Mjinga wangu wewe."

"Nikuoe?"

Oliva akacheka, cheko lenye machozi ndani. "Nioe. Lakini wewe unamuuguza mama yako kijijini Mogitu, mimi niko huku. Tutakuwa mume na mke wa bando la simu?"

"Wanasema ukiolewa unaruhusiwa kuomba kumfuata mwenzako."

"Wanasema! Sista Mectilda ameolewa, ana watoto wawili, mumewe yuko Tanga, na yeye bado yuko hapa. Nenda kawaulize kwanza."

Akaenda. Anaenda hadi leo, kila mara na swali lilelile. Bosi wa uhamisho yuko kwenye kiti cha kuzunguka, macho kwenye simu, na Xavery amesimama, kofia mkononi, rangi kwenye kucha.

"Shikamoo mzee. Tukifunga ndoa, mtamrudisha?"