Kitambaa cha Pazia

Kila asubuhi Chiriku alianza kusema kabla hata ya kunawa uso. Alisema akipiga mswaki, akasema akivaa viatu, ndiyo maana baba yake akambandika jina hilo. Hata siku aliyosafiri na mama yake kwa ndege kwenda kwa bibi, alisema njia nzima.

Walipofika, walisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka abiria wa mwisho akaondoka na begi lake. La kwao halikutokea. Ndani yake mlikuwa na miwani mpya ya bibi, fundi cherehani, ambaye miwani yake ya zamani ilikuwa imevunjika.

"Lina alama gani?" karani wa mizigo aliuliza.

"Jeusi, nimelifunga kitambaa chekundu," mama alijibu.

Chiriku akatia mkono mfukoni. Kitambaa kilikuwa humo. Kilikuwa kipande cha pazia kuukuu, naye alikuwa ameona haya mbele za watu, akakifungua kwenye foleni ya mizigo kule walikotoka, mama akitafuta tiketi. Alitaka kusema, lakini ulimi ukawa mzito.

Siku mbili zikapita. Chiriku alikaa kando ya cherehani akimtungia bibi uzi kwenye sindano, kimya kama maji mtungini.

"Huyu mtoto anaumwa?" bibi aliuliza. Mara akajichoma kidole. "Aa! Basi tena. Gauni hili linatakiwa kesho. Miwani isipofika leo, nitamrudishia mwenyewe nguo yake. Miaka thelathini sijawahi kumrudisha mteja."

Chiriku aliangalia kile kidole, akaangua kilio. Akatoa kitambaa mfukoni, akaeleza yote.

"Siku mbili unaniangalia tu?" mama alifoka, huku akishika simu kumpigia karani.

"Loo!" karani akasema. "Lipo begi jeusi hapa tangu juzi, karatasi yake ya jina imechanika. Sisi tunahangaika na lenye kitambaa! Juu kabisa mliweka nini?"

"Soksi za kijani," mama alisema. "Miwani imo humo humo."

Karani akafungua zipu. Soksi zilikuwepo.

Alasiri begi lilifika. Bibi alivaa miwani, akatunga uzi mwenyewe, mara moja tu. Alishona gauni mpaka likaisha. Kisha akakichukua kile kitambaa, akakishonea kwenye mshikio wa begi kwa uzi wa mara mbili.

"Nisamehe, bibi," Chiriku alisema.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Kufungua kitambaa lilikuwa kosa dogo, hata mimi nimewahi kuona haya. Kunyamaza ndiko kulikonichoma kidole. Ukikosea, sema siku ile ile." Bibi akamtazama juu ya miwani. "Tena wewe, Chiriku, tangu lini kusema kukakushinda?"