Friza Isiyo na Kitu

Hodi ilipigwa adhuhuri, na Mwanakuu, aliyekuwa jikoni akichuja ukwaju, aliitika kama anavyoitika mtu yeyote aliyelelewa vizuri: "Karibu!" Hakuingia mtu. Alichungulia kichochoroni, akakuta mtaa mzima wa Kibokoni umejifungia ndani kwa joto. Aliporudi, kifuniko cha friza aliyoinunua juzi dukani kwa Faraj kilikuwa kimeinuka kidogo, kikashuka polepole.

Mjane huyu alilisha watoto wake kwa kuuza barafu za ukwaju. Bila friza, hakuna chakula. Tangu siku hiyo kila barafu ilitoka ikinuka ubani, na ndani yake unywele mrefu uliogandishwa ukiwa umenyooka. Wateja wakazitema. Kisha sauti nyembamba ikaanza kumwita kutoka mle ndani, si kwa jina lake, bali kwa lile la utotoni alilopewa na marehemu mamake, na kila alipojifanya hasikii ilizidi kulainika, ikimbembeleza ainamishe kichwa tu, kidogo tu, aone waliomo ndani walivyomkumbuka.

"Bi Mwanakuu," alinong'ona jirani yake Nyevu, "hilo ni jini. Mwite mganga alitoe."

"Nimlipe mganga kwa jini la Faraj? Mimi nilinunua friza, mwenzangu. Jini si langu!"

Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu. Akamwita Kadenge na mkokoteni wake, wairudishe friza ilikotoka. Njia nzima mpaka dukani karibu na soko la Marikiti kitu kilikwaruza ndani ya friza, mara chini, mara pembeni, mara chini ya kiganja cha Mwanakuu aliyekuwa amekibana kifuniko, na mzigo ukawa unaongezeka uzito kila walipokata kona, hata Kadenge akawa anasukuma huku akilia waziwazi na kumtaja Yesu, naye Mwanakuu akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kugomba.

Faraj, muuza vyombo vya mtumba vilivyoshushwa bandari ya Kilindini, aliiona friza akaonyesha kibao ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDI.

"Kibao nakiona," alisema Mwanakuu. "Na ulimi wako je? Hukuniapia hapa hapa, 'Wallahi haina kitu'?"

"Nilikusudia haina ubovu, dadangu."

"Hata usingeapa! Friza ni ya kugandisha maji. Hilo halingoji kusemwa."

Watu walishajaa mlangoni. Faraj akateremsha sauti. "Lilipiga hodi?"

"Lilipiga."

"Ukaitika?"

"Nikaitika."

"Basi umelikaribisha mwenyewe. Mimi simo."

Mwanakuu alicheka, kicheko kibaya. "Lilipiga hodi likiwa ndani, Faraj! Mgeni gani abisha mlango akiwa chumbani? Lilikuwamo tangu kwako." Akaipiga kofi ile friza. "Na wewe uliyemo, useme! Nani alikukuta kwanza?"

Kifuniko kikainuka upana wa kidole, harufu ya ubani ikatoka.

"Faraj," ilisema ile sauti nyembamba, kwa adabu. "Alinifukizia nitulie, mpaka apatikane mnunuzi."

Faraj akaelekeza mkono kwenye friza nyingine zilizopangwa. "Chagua nyingine," alisema kwa shida. "Chagua yoyote, uende."

"Nitachagua. Lakini uniapie kama siku ile." Mwanakuu aliweka mkono juu ya friza iliyofuata. "Hii haina kitu?"

"Wallahi..." alianza Faraj, akaishia hapo.

"Na hii?"

Faraj akaipa mgongo.

"Na hilo kabati? Na redio?"

Faraj, bila kubishana, akafungua mtoto wa meza na kumrudishia pesa zake zote. Mwanakuu akazifunga kwenye pindo la leso, friza akaiacha palepale. Pale mlangoni, Ketty, mteja aliyekuwa ametoka tu kununua pasi dukani humo, aliiweka chini taratibu na kurudi nyuma.