Nilihamisha Vigingi

"Saini hapa, mama. Na hapa chini tena."

Afisa ardhi alikuwa anamwonyesha jirani yangu kwa ncha ya kidole. Mimi nimekaa pembeni, daftari la kamati mapajani, natabasamu kama sina dhambi...

Jirani yangu alikuwa anakubali mfereji wa jiji upite kwenye banda lake la kazi.

Na mfereji ule haukuwa wa kupita kwake. Ulikuwa wa kupita kwangu!

Ndugu zangu, nitawasimulia bila kujisafisha. Mkitaka kunitukana kwenye komenti, nitukaneni, ila fikeni mwisho kwanza.

Mtaa wetu uko bondeni. Mvua ikinyesha nusu saa tu, maji yanaingia ndani bila hodi. Tumeshaelea na masufuria, viatu, mpaka vyeti vya watoto.

Kwa hiyo jiji lilipotangaza mfereji, tulishangilia. Tukaunda kamati, na katibu nikawa mimi. Mdomo ninao, na mwandiko wangu unasomeka.

Jiji halikuwa linanunua viwanja. Lilikuwa linaomba njia ya maji, ukanda wa mita tatu. Ardhi inabaki yako na hati yako, ila juu ya ule ukanda hujengi kitu, na kilichopo kinavunjwa.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba na yule afisa.

"Tusiwe wabinafsi jamani," nilikuwa nawaambia watu. "Leo kwako, kesho faida kwa wote."

Maneno matamu hayo... mpaka wapimaji walipofika kwangu.

Walichomeka vigingi sita, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Vyote upande wangu. Mstari wake ulipita katikati ya chumba cha mama.

Mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja. Nyumba yangu ni vyumba viwili, choo nje. Chumba chake nilikiongeza ubavuni nilipomchukua, mlango mpana, choo humohumo, dirisha kubwa ili asichoke kutazama ukuta. Kikivunjwa, sikuwa na pa kumlaza.

Ng'ambo ya dirisha lile ni kwa jirani yangu. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mwanamke, fundi makochi, na wanaume wenye karakana kubwa walikuwa wanamletea kazi zilizowashinda.

Mimi na Fundi tulishang'oa ua uliotutenganisha, zamani sana. Ua wa nini, wakati chumvi yangu ni yake?

Mama alipoanza kutoka vidonda vya mgongo, Fundi alikata sponji akamshonea godoro lenye mashimo pale penye vidonda. Hakuna aliyemwomba. Na kila siku saa kumi jioni aliacha mashine yake, akaja tukamgeuza mama pamoja.

Huyo ndiye mtu niliyemfanyia nilichomfanyia.

Mpimaji alisema keshokutwa atakuja mwenzake na mashine, asome vigingi vilipo, aviingize kwenye ramani. Atakayekuja si yule aliyevichomeka.

Kesho yake mchana ikashuka mvua kubwa. Mtaa mzima ulijifungia ndani. Mimi nikavaa koti la mvua la mama, nikatoka.

Niliving'oa kimoja kimoja. Nikavisogeza hatua nne, upande wa Fundi. Ardhi imelowa, vinaingia kama kisu kwenye siagi.

Jioni Fundi alikuja kama kawaida yake. Akasimama uani, akaviangalia.

"Mbona vimehamia kwangu?"

"Wamepita tena asubuhi," nikajibu, nakunja shuka za mama. "Wanasema mwinuko ni mzuri zaidi upande wako."

"Banda langu si litaondoka?"

"Watakulipa fidia, Fundi."

Akaingia ndani, tukamgeuza mama.

Yule wa mashine alikuja, akapima, akaondoka. Wiki moja baadaye Fundi akasaini, mbele ya macho yangu, kama nilivyowaambia pale juu.

Nilijidanganya sana siku hizo. Nilijiambia yeye ni mzima, ana mikono, atajenga banda jingine. Mama atajenga nini? Nilijiambia hivyo asubuhi na jioni.

Mama alianza kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Huna la kuniambia?" aliniuliza siku moja. Maneno yake yalikuwa yanatoka polepole tangu apooze.

"Sina, mama. Pumzika."

Akaniuliza tena wiki ile ile. Nikamjibu vilevile.

Siku ya ishirini na moja tangu Fundi asaini, mama alifariki. Alifia chumbani kwake, dirisha likiwa wazi, Fundi kamshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Chumba kilibaki kitupu. Katapila lilikuwa halijafika. Pale ofisi ya ardhi palikuwa na tangazo ukutani: mwenye pingamizi afike ndani ya siku sitini tangu kusaini. Zilikuwa zimebaki thelathini na tisa.

Nilichotakiwa kufanya ni kuvuka ule uwanja usio na ua, niseme sentensi moja.

Sikusema.

Niliogopa. Katibu wa kamati, mama wa tusiwe wabinafsi, leo aitwe mwizi wa njia ya maji? Kila nikijikaza, naona sura za watu wa mtaa. Nikasema kesho. Kesho nikasema wiki ijayo.

Katapila lilikuja siku ya Jumanne. Lilimaliza banda la Fundi kabla sijamaliza kunywa chai.

Fundi alihamishia kazi barazani. Mvua mbili tu, sponji zikaloa, kitambaa cha mteja kikaota ukungu. Wateja wakaanza kupungua. Wale wa karakana kubwa nao wakaacha kuja.

Mfereji ulipoisha tulifanyiwa sherehe. Maji yakipita unayasikia, na ndani ya nyumba ni pakavu. Nikaitwa mbele kama katibu, nikapigiwa makofi. Fundi naye alipiga, amesimama nyuma kabisa.

Miezi miwili baadaye akapangisha nyumba yake, anahamia kwa kaka yake mji mwingine. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Tukakunja vitambaa vilivyobaki. Gari lilikuwa limeshapakiwa nusu.

"Tutakukumbuka sana, Fundi," nikasema.

Akaendelea kukunja.

"Siku ile ya mvua," akasema, "ulikuwa umevaa koti la mama. La kijani."

Nikakaa juu ya furushi.

"Uliniona?"

"Mimi sikukuona. Nilikuwa nimefunga madirisha." Akaniangalia usoni. "Mama yako ndiye aliyekuona."

Niligeuka nikatazama dirisha la mama, ng'ambo ya uwanja.

"Siku uliyokwenda ofisini kuchukua fomu za kusaini, alinishika mkono. Akaniambia, mwanangu kahamisha vigingi, nimemwona kwa macho yangu."

"Kwa nini hukwenda kushtaki?"

"Nilikuwa nakwenda. Nilishafika mlangoni." Sauti yake ikapungua. "Akaniomba nimwachie afie humo. Akasema siku zake si nyingi, na akishaondoka utakuja mwenyewe kuniambia, vigingi virudi. Nikamuuliza ana hakika gani. Akasema, nimemzaa mimi, namjua, atasema tu."

"Fundi..."

"Nikamwahidi kwamba sitakusema. Nikasaini. Baada ya mazishi nikawa nakusubiri. Kila ukivuka kuja kuomba kitu, najiambia ndiyo leo. Unachukua chumvi, unarudi kwako."

Nilipiga magoti. Nililia, nikamwomba radhi, nikasema nitakwenda ofisini, nitasema kila kitu.

"Ofisini wameshafunga faili," akasema. "Zege limeshakauka."

"Basi nikufanyie nini?"

Alifikiri kweli, sikuona kama ananikomoa.

"Mimi banda nitajenga. Kinachoniuma ni mama yako. Alikuwa anakuuliza kama una la kumwambia, na mimi nikiwa nje nasikia unavyomjibu."

Akapanda gari.

Wapenzi wasomaji, nilidhani nimemfichia mama mabaya yangu ili afe kwa amani. Kumbe alikufa akiwa anayajua, amenitetea kwa mtu niliyemdhulumu, na amenipa nafasi mbili tatu za kujiokoa. Nikamwambia apumzike.

Kesho yake nilijiuzulu ukatibu, nikawaambia kamati sababu. Wengine hawanisalimii mpaka leo, na wana haki.

Funzo? Msijidanganye kwamba mnamdhulumu mtu kwa sababu mnampenda mwingine. Na kama kuna jirani unayetakiwa kumwambia ukweli, nenda sasa hivi, simu hii iache mezani.

Mimi nimempigia Fundi mara nyingi. Inaita mpaka inakatika.

Mama alisema nitasema tu. Nimesema leo, kwa watu nisiowajua.