Ilipigwa Mara Ngapi?

Haya yalimpata rafiki yangu Glody, mpiga picha wa hapa Kasongo, na mimi simwonei huruma. Alikwenda Salamabila kwa pikipiki kununua kamera ya mwenzake aliyeuawa. Kabla ya kuipokea akamwuliza mjane, "Mama Arlette, ilipigwa mara ngapi?"

Mama akainamisha kichwa. "Walimupiga mara saba. Na panga."

Glody alicheka mpaka akashika tumbo. "Niko nauliza aparei, hii kamera, mama, hapana bwana yako!"

Nyumbani akapiga picha moja, akaiingiza kwenye kompyuta ili aone kamera imefyatuka mara ngapi tangu itoke kiwandani. Kamera ilikuwa imechakaa mpaka rangi, lakini hesabu ilisema saba. Akapiga picha mia. Bado saba.

Jioni jenereta ikazimika. Gizani, ndani ya mfuko uliofungwa, kamera ikalia yenyewe: cha! Glody akahisi baridi shingoni. Taa iliporudi, damu ilikuwa inamtiririka, na kwenye kompyuta hesabu ya kamera sasa ilisema moja.

Juzi nilimkuta sokoni amefungwa bandeji mwili mzima. Kamera alikwisha kuitupa katika mto Lualaba.

"Vidonda vimefika vingapi?" nikamwuliza.

"Sita."

Hapo hapo, katikati yetu, nikasikia: cha!