Nusu Kidonge

Taa iliwaka ukutani mwa maabara kila mshiriki wa utafiti alipomeza dawa. Kidonge-pacha, kilichotuliza virusi vya Ukimwi na kiu ya unga wa kulevya kwa pamoja, kilibeba chembe zilizotuma habari kutoka tumboni hadi maabara hiyo ya Tanga: dawa ikiwa nyingi, taa iling’aa zaidi. Nusu ya mateja wa maskani ya Reli walipewa kidonge hicho. Wenzao walipewa kidonge kitupu, kisicho na dawa wala chembe, juu ya dawa zao za zamani, ili tofauti ionekane.

Tofauti haikuonekana. Taa zote ziliwaka, na zote zilikuwa hafifu.

Dk. Asteria Komba alizitazama mpaka macho yakamuuma. Huu ulikuwa utafiti wake wa kwanza.

“Data imechezewa,” alisema Mfadhili, mashine iliyoamua mwanasayansi gani mchanga apewe fedha na yupi arudi nyumbani akauze maandazi. “Eleza leo, au ufadhili unasitishwa.”

Angeelezaje asichokielewa? Akaenda maskani.

Shebe, kiongozi wa pale, alimcheka waziwazi. “Sasa dada dokta, ulitegemea nini? Tulijua mapema tu nani kapewa kitupu. Wengine tunalala fofofo, wenzetu arosto ya kukosa unga inawatoa jasho. Tukakata vidonge katikati, tukagawana. Hapa hata sigara mtu havuti peke yake.”

“Shebe, nusu haitoshi! Virusi vinaizoea dawa, halafu haifanyi kazi tena. Mnajiua!”

“Kwa hiyo nimeze kizima, na Mwanaidi, aliyepewa kitupu, anatetemeka ananiangalia?”

Asteria akageuka kuondoka. Alikuwa na hasira, akatamani kulia, wala hakujua amkasirikie nani. Ni yeye aliyewagawa watu hawa kwa bahati nasibu, huyu dawa, yule hewa, na wakubwa wakampongeza kwa usafi wa mpango wake.

Aliporudi na kueleza, Mfadhili alikuwa na suluhisho tayari. “Taja waliogawana. Tutawaondoa na kuingiza wapya. Ufadhili utaendelea.”

“Na wakiondolewa, dawa watapata wapi?”

“Dawa ni ya washiriki.”

Asteria akazitazama taa hafifu ukutani. Kisha akasema, “Nataka wote wapewe kidonge kizima.”

“Una ruhusa hiyo. Lakini fedha ulizonazo zitaisha katikati ya utafiti. Bila kundi la kulinganisha hakutakuwa na jibu, na mimi sitakufadhili tena. Hiyo si sayansi, Dk. Komba. Unafanya nini?”

“Sijui,” alisema, na hakuwa anatania. Akabonyeza idhini.

Siku chache baadaye taa zote ziliwaka kwa mwanga kamili. Zilipendeza mno, na hazikumweleza chochote. Asteria akakaa chini yake, akawaza atamwambia nini Shebe siku vidonge vitakapokwisha.