Toka Kwenye Picha

Asubuhi hiyo stesheni ya Umeda, jijini Osaka, ilijaa watu wa kila aina, na wote walijua wanakoenda isipokuwa mmoja. Nkirote alisimama katikati yao na gauni lake la njano, sweta mabegani, mkoba wa kompyuta mgongoni, akiitukana ramani ya simu kwa Kimeru.

"Muga!" sauti ya kiume ikamsalimu kutoka nyuma.

Aligeuka nusura simu imponyoke. Kijana mrefu, macho ya kucheka, makoti mawili, skafu na glavu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Ishiara. Naitwa Ndwiga. Kimeru nasikia kidogo, lakini matusi nimesikia yote."

"Nimetukana ramani, si mtu. Imeniambia nitoke mlango wa kaskazini, na hapa milango haiishi! Na hayo makoti ni ya nini?"

"Kwetu Ishiara ni joto mwaka mzima. Hii baridi si itaniua?"

"Kwetu Timau hii ni kiangazi, bwana."

Walicheka mpaka mlinzi wa stesheni akawatazama. Kumbe wote wawili walifanyia kazi kampuni za Nairobi kwa kompyuta: Nkirote akihariri video, Ndwiga akiwajibu wateja wa duka la mtandaoni. Nairobi ikiamka, Japani ni mchana. Kwa hiyo mchana wao ulikuwa wa bosi, na asubuhi zote zilikuwa zao.

Na walizitumia vizuri, asikudanganye mtu. Osaka, Ndwiga alimeza kipande cha pweza akifumba macho kama anayekunywa dawa. Hiroshima walipanda tramu bila kujua inakoenda, wakashuka kando ya mto, wakashikana mikono. Kila mji walikodi vyumba viwili, kila mtu na ufunguo wake, maana kwao ni watu wa kanisa. Mapenzi lakini hayana habari na ufunguo. Yaliwaingia tu.

"Kwenu geti ni la rangi gani?" Ndwiga alimuuliza siku moja.

"Bluu. Unataka kuiba?"

"Na kanisa lenu linaitwaje?"

"Wewe ni polisi?"

"Mimi ni mpenzi wako. Napenda kujua kila kitu, sukari yangu."

Tatizo lilikuwa simu za mamake Ndwiga. Mama Cicily akipiga kwa video, Ndwiga alipunga mkono haraka: toka, toka kwenye picha! Mara ya kwanza Nkirote aliona ni mchezo. Mara ya pili alinuna. Kyoto, kwenye mkahawa, akiwa amevaa gauni jipya la samawati alilolinunua kwa ajili yake, alipungiwa tena. Akasimama hadi simu ikaisha, machozi yakimlenga.

"Unanionea aibu, Ndwiga?"

"Aibu? Wewe? Hapana, mpenzi!"

"Basi mbona mama yako hajui kama nipo?"

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

Ndwiga akatazama chini. Mwanaume akitazama chini hapo, jamani, anataka mtu afikirie nini?

"Naenda Kanazawa," Nkirote alisema. "Peke yangu. Usinipigie."

Jumamosi ilimkuta kwenye soko la samaki la Kanazawa, akitazama kaa wekundu bila kuwaona. Simu ikalia. Ni babake, Mzee Kobia.

"Nkirote, mama, uko wapi?"

"Kanazawa, baba."

"Sawa, hata kama sijui ni wapi. Hapa kwangu kuna watu wa Ishiara. Wamekuja na mbuzi. Baridi imewashika, tumewapa blanketi, na mbuzi naye anatetemeka. Wanasema wametumwa na kijana anaitwa Ndwiga. Sasa unajua desturi yetu, kumfunga mbuzi ni kukubali posa, na siwezi kumfunga huyu kabla wewe hujasema. Unawajua hawa watu, ama tuwape chai waende?"

Nkirote akashika meza ya muuza kaa.

"Mama yake amekuja?"

"Ndiye huyu mwenye blanketi la maua."

"Mpe simu."

"Mwanangu," Mama Cicily alisema, meno yakigongana, "usimlaumu kijana. Ni mimi nilimkataza. Nilimwambia, sitaki kuona msichana wa watu kwa simu kabla sijafika kwa babake. Hiyo ni kama kumwiba."

Nkirote akalia pale pale. Muuza kaa, bila kuelewa neno, akampa karatasi ya kujifutia.

"Baba," alisema simu ilipomrudia mzee, "nawajua. Mfungeni mbuzi."

Vigelegele vya Timau vilijaa kwenye simu. Alipokata, akampigia Ndwiga.

"Uko wapi, mjinga wangu?"

"Stesheni ya Kanazawa. Niko hapa tangu asubuhi. Sikujua nitoke mlango gani."

Alimkuta karibu na nguzo kubwa za mbao, makoti sasa ni matatu, macho mekundu.

"Ulituma mbuzi kabla ya kuniuliza mimi?"

"Nilidhani unajua."

"Sijui mpaka nimeulizwa! Uliza."

Ndwiga akavua glavu. "Nkirote wa Timau, utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Na wewe hutapunga huo mkono tena maishani mwako."

Kabla Ndwiga hajajibu, simu yake ikalia kwa video. Mama Cicily, blanketi hadi masikioni, kikombe cha chai mkononi. Miguu ya Nkirote ilishazoea, akarudi nyuma. Ndwiga akamvuta begani mwake.

Mama Cicily akasogeza uso karibu na kioo, akatazama, akakunja uso.

"Ndwiga," alisema, "hebu toka kwenye picha. Nataka kumwona binti yangu."