Moja Tu ya Siagi

Haya nitakayowaeleza ni kweli tupu. Nikiongeza hata chumvi ya kuonja, ulimi wangu ukauke kama mkate wa juzi. Mimi ni mstaafu. Uongo utanisaidia nini?

Jirani yangu ni dereva wa gari la mikate. Tunamwita Siagi, kwa ulaini wa ulimi wake. Mkewe ni Mama Pacha. Mabinti zao pacha wako darasa la pili. Kila asubuhi Siagi aliwapeleka shule kwa gari la mikate. Walishuka wakinukia kama tanuri, na wenzao wakawaonea wivu.

Tatizo lilikuwa pombe. Akimaliza kusambaza mikate, Siagi alipitia kilabuni. Kisha akashika usukani.

"Msijali," alisema, "gari linajua njia."

Jioni moja gari likasahau njia. Siagi alifika getini, akapiga honi. Geti likafunguliwa. Akashusha kioo.

"Mama Pacha, mbona leo umevaa kofia?"

"Shuka, mume wangu," askari alimjibu. "Chumba chako kiko tayari."

Alikuwa ameingia kituo cha polisi!

Mahakamani, hakimu alichukua leseni yake.

"Hukugonga mtu," alisema. "Hiyo ni bahati, si udereva. Nenda kwa mshauri wa mambo ya pombe. Ukifuata mafunzo yake, utarudishiwa leseni. Ukikaidi, utakwenda jela."

Lakini neno lililomchoma Siagi lilisemwa nyumbani.

"Baba," pacha walimwambia, "hata ukirudishiwa gari, sisi tutakwenda kwa miguu."

Mama Pacha alimsindikiza kwa mshauri. Mshauri alikuwa dada mpole, mwenye ofisi ndogo nyuma ya mahakama.

"Kwa siku unakunywa ngapi?" mshauri aliuliza.

"Moja tu, dada."

Mama Pacha alikohoa. "Muulize, moja ya nini?"

"Basi kesho njoo nayo hiyo moja," mshauri alisema. "Ije tupu."

Kesho yake Siagi alikwenda na kopo lake. Lilikuwa kopo kubwa la plastiki, lile la kupimia unga kwenye kiwanda chao cha mikate! Mshauri alilijaza maji, akaanza kuyamimina kwenye glasi. Glasi za ofisi zikaisha. Akaazima za makarani. Meza ikajaa, na kopo bado lilikuwa zito.

"Siagi, hii ndiyo moja?"

"Ni moja…" Siagi alizihesabu glasi kwa macho. "Moja yenye familia kubwa."

Wote wakacheka.

"Wengi hujidanganya hivyo," mshauri alisema. "Tunahesabu chombo. Mwili unahesabu pombe. Sasa niambie, wewe mwenyewe unataka nini?"

Siagi alisukuma kopo kando. Kisha akasema, "Wanangu wapande gari langu bila hofu."

"Tuanzie hapo. Asubuhi mikono inatetemeka?"

"Inatetemeka. Mpaka nipate kidogo."

"Basi usiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea pombe nyingi, ukiikosa ghafla, unaweza kuugua vibaya. Mtu anaweza hata kupata degedege. Muone daktari kwanza."

Siku hiyohiyo walikwenda zahanati. Daktari alimpa dawa, akamfuatilia mpaka mwili ukatulia.

Wakati huo mwajiri alikuwa amemhamishia kwenye tanuri. Siagi alirudi kwa mshauri.

"Kiu yako inakaa wapi?" mshauri aliuliza.

"Mlangoni pa kiwanda. Kazi ikiisha, wenzangu wananisubiri pale."

"Basi jipange kabla hujafika mlangoni. Kula. Kunywa maji. Andaa neno la kukataa, na liwe fupi. Ukieleza sana, watakushinda. Na wewe, Mama Pacha, usimnuse kama paka kila anapoingia. Wala usimfichie makosa. Muulize siku yake imekwendaje."

Haikuwa rahisi. Kuna siku Siagi alikunywa tena. Akataka kumkwepa mshauri.

"Nenda ukamwambie," Mama Pacha alisema. "Kujificha ndiko kutakakokupeleka jela."

Akaenda. Mshauri hakumfokea.

"Kuteleza si kuanguka. Hebu tutazame uliteleza wapi."

Wakagundua kwamba siku ile alitoka kazini na njaa na hasira. Wakaurekebisha mpango.

Sasa sikilizeni. Jioni moja wenzake walimvizia nje ya kiwanda. Siagi akapitia stoo ya unga. Gunia likampasukia kichwani! Akatoka mweupe, utosini hadi unyayoni.

"Mzimu!" wale walevi walipiga ukelele. Wakakimbia, wakaacha viatu. Mmoja anakimbia mpaka leo.

Mwishowe mshauri alipeleka taarifa nzuri mahakamani. Hakimu akamrudishia Siagi leseni yake. Asubuhi iliyofuata gari la mikate lilisimama mbele ya nyumba. Pacha walitoka na mikoba yao. Wakamkaribia baba yao taratibu.

"Baba, pumua."

Siagi akapumua.

"Chai!" walipiga kelele, wakarukia kiti cha mbele. Mama Pacha alipiga vigelegele. Mtaa mzima ukaitikia.

Mimi nikaanza kuwasimulia majirani habari za mzimu. Mama Pacha akanigeukia.

"Babu, huo mzimu uliuona?"

"Kwa macho haya mawili!"

"Siku ile si ulikuwa kwangu, unakula mkate wangu?"

Siagi alicheka, akatoa kichwa dirishani.

"Babu, nilitoka mlango wa mbele. Wote walikuwepo. Walinicheka, wakaniita bibi harusi kwa kuwahi nyumbani. Nikawaambia, 'Jamani, mimi sinywi.' Nikaondoka."

"Hukukimbia?"

"Miguu ilitaka. Nikatembea."

Ukweli wake ulikuwa mkubwa kuliko uongo wangu. Mimi nilimtungia gunia la unga. Yeye alikuwa na maneno matatu tu, na yalimtosha.

"Uongo una ushuru, Babu," Mama Pacha alisema. "Gari likirudi jioni, utaliosha wewe."

Nikaliosha, mbele na nyuma. Nikawaambia pacha nimesugua magurudumu yote sita.

"Babu," walisema, "gari lina manne."

Wakaniletea ndoo nyingine.